Sitrali ya Mchaichai na Mbu wa Mlango wa Ruvuma

Mtu apitaye katika vijiji vya pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na kuendelea kusini mpaka mlango wa mto Ruvuma, ataona kwa urahisi mashina ya mchaichai yaliyooteshwa uani, aghalabu karibu na mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mmea huu, ambao jina lake la kisayansi ni Cymbopogon citratus, ni nyasi ya kudumu yenye asili ya Asia ya kusini. Huchanua kwa nadra sana, na kwa hiyo watu huuzidisha kwa kupasua shina na kuotesha vipande vyake. Majani yake hutiwa katika chai. Lakini mchaichai huoteshwa pia mbele ya mlango au chini ya dirisha, kwa imani kwamba harufu yake hufukuza mbu.

Imani hiyo yastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa katika sehemu hii ya nchi mbu si jambo dogo. Mkoa wa Mtwara ulikuwa juu ya wastani wa taifa kwa kiwango cha malaria katika uchunguzi wa mwaka 2017, na vivyo hivyo katika ule wa mwaka 2022. Bonde la chini la Ruvuma hufurika wakati wa masika na kuacha madimbwi kandokando ya mashamba ya mpunga, ambamo mbu wa jamii ya Anopheles huzaliana. Hata maji yenye chumvi kidogo yaliyo nyuma ya mikoko yana mbu wake, Anopheles merus, ambaye viluwiluwi vyake hustahimili chumvi. Ndani ya miji, vyoo vya shimo na mitaro michafu hulea Culex quinquefasciatus, aenezaye vijinyoo vya matende na mabusha. Mtu akiacha kutumia chandarua kwa kuutegemea mchaichai ulioko mlangoni, na mchaichai huo usifanye kazi aliyoitarajia, atakayeugua kwanza ni mtoto wake mdogo. Basi ni lazima kuuliza: ndani ya jani la mchaichai mna nini, na hicho kilichomo hutoka vipi?

Mafuta yasiyoacha doa

Mwalimu aweza kuanza somo kwa karatasi nyeupe na matone mawili. Tone la kwanza liwe la mafuta ya nazi, ambayo pwani ya Mtwara haiyakosi. Jina la Ghuba ya Mnazi latosha kuwa ushahidi. Tone la pili liwe la mafuta ya mchaichai. Mara moja karatasi itapata madoa mawili yanayopitisha nuru. Ikiwekwa mahali penye hewa mpaka siku ya pili, doa la nazi litakuwapo kama lilivyokuwa, na doa la mchaichai litakuwa limetoweka au kubakiza alama hafifu tu.

Vitu hivi viwili huitwa mafuta kwa sababu vyote havichanganyiki na maji, lakini kikemia si ndugu. Mafuta ya nazi yameundwa kwa molekuli kubwa za asidi za mafuta zilizoungana na gliseroli, nazo haziruki hewani kwa joto la kawaida. Mafuta ya mchaichai, ya karafuu, ya mkaratusi au ya ganda la ndimu ni mchanganyiko wa molekuli ndogo zinazogeuka mvuke upesi. Kwa sababu hiyo wanakemia huyaita mafuta tete. Pua hunusa mvuke tu. Kitu kisichogeuka mvuke hakina harufu, na kila harufu inayosikika ni sehemu ya kitu chenyewe inayopotea.

Katika mafuta ya mchaichai, kiasi cha asilimia 65 hadi 85 huwa ni msombo mmoja uitwao sitrali. Fomyula yake ni C10H16O, na uzito wa molekuli ni 152. Atomi 10 za kaboni zimepangwa kama vipande viwili vya kaboni tano tano vilivyounganishwa; kipande hicho cha kaboni tano ndicho ambacho, kikirudiwa maelfu ya mara, hufanya mpira wa mti wa mpira. Misombo ya aina hii huitwa terpeni. Mwishoni mwa mnyororo wa sitrali kuna kundi la aldehaidi, yaani kaboni iliyofungwa kwa oksijeni kwa kifungo maradufu na kubeba pia atomi moja ya haidrojeni. Kuna vifungo maradufu vingine viwili kati ya kaboni na kaboni, na kimoja kiko jirani kabisa na aldehaidi hiyo.

Kifungo maradufu hakizunguki kama kifungo cha kawaida. Kwa hiyo sitrali hupatikana katika maumbo mawili: jeraniali, ambamo mnyororo mrefu na aldehaidi vimeelekea pande zilizo kinyume, na nerali, ambamo vimeelekea upande mmoja. Fomyula ni moja ila umbo ni tofauti, na hata pua huzitofautisha: jeraniali ina harufu kali zaidi ya limau. Mwanafunzi asiyeona maana ya isomeri katika vitabu vya kiada ataipata ndani ya kikombe cha chai. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba limau lenyewe lina sitrali kidogo sana. Sehemu kubwa ya mafuta ya ganda lake ni limonini, na sitrali ni asilimia chache tu, lakini hizo chache ndizo zinazolifanya linukie limau.

Kundi la aldehaidi laweza kuthibitishwa katika maabara yoyote ya sekondari. Kitendanishi cha Tollens huacha kioo cha fedha ndani ya neli. Kitendanishi cha Schiff, ambacho hakina rangi, hugeuka zambarau nyekundu. Maji ya bromini hupoteza rangi yake, kuonyesha kwamba vifungo maradufu vipo. Wanunuzi wa mafuta wana jaribio lao la zamani, nalo ni zuri kwa hesabu: mililita 10 za mafuta hutikiswa pamoja na mmumunyo moto wa bisalfaiti ya sodiamu katika chupa yenye shingo nyembamba iliyowekwa vipimo. Aldehaidi huungana na bisalfaiti na kuingia katika maji, na mafuta yaliyobaki huelea na kupimwa shingoni. Yakibaki mililita 2.5, muuzaji amethibitisha kwamba asilimia 75 ya mafuta yake ni sitrali. Muuzaji aliyechanganya mafuta yake na parafini hugunduliwa hapo hapo.

Kuyatoa majanini

Sitrali huchemka kwenye nyuzi 229 za Sentigredi hivi. Lau mtu angeyachemsha majani makavu mpaka kufikia joto hilo angepata moshi na masizi tu. Lakini mchaichai hukenekwa kwa mvuke wa maji chini kidogo ya nyuzi 100, na jambo hili huwashangaza wanafunzi wengi mpaka wakumbuke sheria ya Dalton. Vimiminika viwili visivyochanganyika huchemka pale ambapo jumla ya kanieneo za mivuke yao inalingana na kanieneo ya hewa. Kwenye nyuzi 100 kanieneo ya mvuke wa sitrali ni kama milimita 5 za zebaki. Mtwara, iliyo usawa wa bahari, ina kanieneo ya hewa ya milimita 760 hivi, kwa hiyo maji yanahitaji kuchangia 755 tu. Uwiano wa uzito katika mvuke ni 5 mara 152 kwa 755 mara 18, yaani 760 kwa 13,590. Basi kwa kila gramu 100 za maji yanayokenekwa, gramu 5 au 6 za sitrali zaweza kusafiri nayo. Katika mtambo halisi kiasi hupungua sana, kwa kuwa mafuta lazima kwanza yapenye kutoka ndani ya jani.

Kilo 100 za majani mabichi hutoa gramu 200 hadi 500 za mafuta. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoamua kama kazi hii ina faida au la, kwani kuni, maji ya kupozea na usafiri wa majani vyote hulipiwa. Huko Wawi, karibu na Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar lina kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, na mchaichai pia hukenekwa huko. Makonyo ni mabaki ya zao lililokwisha kuvunwa, na hiyo ni nafuu kubwa. Mchaichai hauna nafuu hiyo, maana lazima ulimwe kwa ajili yake wenyewe.

Sitrali ina wateja wengine walio mbali na harufu ya limau. Mwaka 1893 Ferdinand Tiemann na Paul Krüger waliiunganisha na asetoni, kisha wakaikunja kwa asidi kuwa pete, wakapata ayononi, dutu yenye harufu ya maua ya urujuani. Ayononi hiyo hiyo ikawa mlango wa kutengenezea vitamini A, kazi iliyofanikishwa kwa kiwango cha kiwanda na Otto Isler na wenzake huko Uswisi mwaka 1947.

Mchaichai ulioko mlangoni

Sasa ni wakati wa kurudi kwenye dirisha la nyumba ya Msimbati. Je, mmea ulio hai hutoa mvuke wa kutosha kumzuia mbu?

Jibu linategemea mahali mmea unapoyaweka mafuta yake. Mwaka 1998 watafiti wa Israeli, Efraim Lewinsohn na wenzake, walikipaka kipande cha jani la mchaichai kitendanishi cha Schiff, kile kile cha somo la aldehaidi, kisha wakakitazama kwa hadubini. Rangi ilijitokeza katika seli moja moja zilizotawanyika ndani ya nyama ya jani. Mafuta ya mchaichai, kwa maneno mengine, yamefungiwa ndani. Kila mpishi anajua hivyo bila hadubini: mchaichai usiopondwa haunukii sana, na chai ya majani mazima ni hafifu.

Kivumbasi kimeumbwa vingine. Mimea ya jamii ya Ocimum hubeba mafuta yake katika tezi ndogo zilizo juu ya ngozi ya jani, na nguo ya mpita njia ikiugusa mmea tu, harufu husikika. Katika aina iitwayo Ocimum suave, ambayo wanakemia James Chogo na Gerald Crank walichapisha uchambuzi wake kutoka Tanzania mwaka 1981, dutu kuu si sitrali bali yujinoli, ile ile ya karafuu.

Tofauti hii ya maumbile ni ya manufaa mtu anaposoma matokeo ya majaribio. Mwaka 2002 Aklilu Seyoum na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Waliweka mimea hai ya vyunguni katika vibanda vya majaribio vyenye mbu wa Anopheles gambiae. Aina moja ya kivumbasi, Ocimum americanum, ilipunguza mbu waliouma kwa kama asilimia 40, na Lantana camara kwa kama theluthi. Baadhi ya mimea mingine iliyojaribiwa haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo wazee waliosema kwamba mmea hai waweza kuwasumbua mbu hawakukosea kabisa, ila si kila mmea, na hata ulio bora uliwaachia mbu wengi wakiuma. Mchaichai, ambao mafuta yake yamefungiwa ndani, hauna sababu ya kutarajiwa kuipita kazi ya kivumbasi.

Mafuta yaliyokwisha kukenekwa ni jambo jingine. Mvuke wa sitrali huyavuruga viungo vya kunusia vya mbu, na kwa muda anashindwa kuifuata harufu ya mwanadamu. Nchini Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, marhamu yenye asilimia 15 ya mafuta ya mchaichai iliweza kuwazuia mbu wa Aedes aegypti kwa muda wa saa 2 hadi 3. Muda huo na ulinganishwe na saa za mbu. Anopheles wa pwani huuma zaidi kuanzia kama saa 4 usiku hadi alfajiri. Mtu ajipakaye saa 2 usiku atakuwa amebakiwa na ngozi tupu saa 5, yaani wakati Anopheles ndio kwanza wanaingia. Kile kile kinachoyafanya mafuta yanukie ndicho kinachoyaondoa.

Wanakemia wamejaribu kulitatua tatizo hili kwa kutafuta dutu nzito zaidi. Mfano mzuri ni wa mkaratusi wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora. Mafuta yake mabichi ni sitronelali kwa sehemu kubwa, nayo hupotea upesi kama sitrali. Lakini ipo ndani yake dutu nyingine iandikwayo kwa kifupi PMD, ambayo hairuki haraka na hukaa ngozini kwa saa kadhaa. Sitronelali isichanganywe na sitrali, wala mchaichai usichanganywe na nyasi ya sitronela, Cymbopogon winterianus, ambayo mafuta yake hutiwa katika mishumaa ya kufukuza mbu. Nyasi hizi mbili ni za jenasi moja na hufanana machoni, lakini dutu zake ni tofauti.

Je, mafuta ya mchaichai hayana kazi basi? Yanayo, kwa watu ambao bado hawajaingia chandaruani: wavuvi wanaotengeneza nyavu jioni ufukweni, mwanafunzi anayesoma kwa taa, na mlinzi wa mpunga aliye juu ya dungu kabla ya kulala. Hao wanahitaji kinga ya saa mbili, nayo mafuta huwapa. Yachanganywe na mafuta ya nazi, ambayo huupunguza mwendo wa sitrali kuruka, na yasipakwe matupu. Sitrali huwawasha na kuwapa mzio baadhi ya watu, kiasi kwamba tangu mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya huwataka watengenezaji wa vipodozi kuitaja wazi katika orodha ya viungo ikizidi kiasi kidogo kilichowekwa. Yasikaribie macho. Yasinywewe. Tena huwaka moto upesi, na yasiwekwe karibu na jiko.

Chai ya mchaichai ni salama, maana sitrali iliyomo ni haba. Watu wa Brazili huinywa ili wapate usingizi, na watafiti wa huko walipowapa watu wa kujitolea katika jaribio lililochapishwa mwaka 1986 hawakuona madhara, wala usingizi. Kinywaji kisichodhuru hugeuka hatari pale tu kinapochukua nafasi ya dawa. Homa ya mtoto katika bonde la Ruvuma ipimwe damu siku ile ile, na chai inywewe baadaye.

Vijidudu, kuvu na nyuki

Ndani ya sahani za maabara sitrali huua au kuzuia bakteria na kuvu wengi. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya katika utando wa seli na kuulegeza mpaka vilivyomo vivuje. Na aldehaidi yake huungana na protini na kuziharibu. Bakteria wenye utando wa ziada nje, kama wale wa matumbo, huvumilia zaidi. Kuvu Aspergillus flavus, atoaye sumukuvu katika karanga na mahindi, huzuiwa pia. Lakini gunia si sahani iliyofunikwa, na mkulima wa Mtwara atafanya vema zaidi kukausha karanga zake barabara juu ya jamvi kuliko kuzinyunyizia manukato.

Kwa nyuki sitrali ina maana tofauti kabisa. Nyuki vibarua wana tezi karibu na ncha ya tumbo, iitwayo tezi ya Nasonov, na jeraniali na nerali zimo katika harufu inayotoka humo. Nyuki husimama mlangoni mwa mzinga, huinua tumbo na kupiga mabawa, na harufu huwaita wenzao waliopotea. Ndiyo sababu wafugaji wa nyuki wa nchi nyingi huupaka mzinga mtupu mchaichai uliopondwa, na kundi linalotafuta makao huuona kama nyumba iliyokwisha kaliwa. Nyuki mwizi wa Brazili, Lestrimelitta limao, huutumia msombo huo kwa uovu: huumwaga ndani ya mzinga wa nyuki wengine wadogo wasiouma, na ulinzi wao unapovurugika huwaibia asali. Dutu moja hufukuza, huita na huvuruga, kutegemea ni nani anayeinusa.

Jaribio la fukusi

Haifai kamwe kwa wanafunzi kujaribu mafuta haya kwa mbu wa mwituni wakitumia mikono yao wenyewe. Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, hana hatari, hupatikana katika ghala lolote, na hupima jambo lile lile.

Zitafutwe sahani nne za kioo zenye vifuniko. Karatasi ya kuchujia ya kila sahani ikatwe nusu mbili. Katika sahani ya kwanza, nusu moja ilowanishwe kwa spiriti tupu. Katika ya pili, kwa spiriti yenye matone machache ya mafuta ya mchaichai. Katika ya tatu, kwa mafuta ya mchaichai yaliyochanganywa na ya nazi. Katika ya nne, kwa mafuta ya nazi peke yake. Nusu nyingine ya kila karatasi iachwe kavu. Spiriti ikishakauka, watiwe fukusi 20 katikati ya kila sahani na kufunikwa.

Fukusi walio upande mkavu wahesabiwe baada ya saa 1 na baada ya saa 3. Kisha fukusi watolewe, vifuniko viachwe wazi usiku kucha dirishani, na asubuhi fukusi wengine 20 watiwe katika kila sahani na kuhesabiwa vivyo hivyo. Sahani ya pili na ya tatu zilinganishwe kwanza.